Masika ya Jicho la Kushoto

Jumamosi, Machi 2
Mvua tangu alfajiri. Nimeshona sare za kwaya barazani bila miwani, nikatunga uzi kwenye sindano na ukapita mara moja. Nilicheka peke yangu.

Tangu darasa la tatu nimevaa miwani mizito kama kitako cha chupa. Mwezi wa kwanza kaka yangu Lusungu aliniita Dar, nikafanyiwa upasuaji wa macho kwa leza. Daktari alikata utando mwembamba juu ya kioo cha jicho, akaufunua kama kifuniko cha sufuria, leza ikafanya kazi yake chini, akaufunika tena. Haushonwi. Hujishika wenyewe. Aliniambia, "Unashika, Tusajigwe, lakini haushiki kama ulivyozaliwa nao. Usifikiche macho. Ujikinge na pigo lolote la usoni." Nilimjibu kwamba mimi ni fundi cherehani, nani anipige usoni.

Macho bado yanakauka, na jioni kila taa ina duara. Kwa hiyo kuna matone ya kulainisha. Ambilikile, mume wangu, ndiye anayenitilia, maana mimi nikiona tone linakuja nafumba. Ananishika kidevu. "Tazama dari," anasema, na mkono wake hautetemeki.

Jumatano, Machi 6
Wezi wameingia shamba la kakao la jirani, wakavuna hata mbichi. Bei ilivyopanda mwaka huu, kakao inaibwa ikiwa bado mtini. Kijiji kimekutana leo na kuunda kikosi cha ulinzi. Wamemchagua Ambilikile kiongozi. Wote waliinua mikono, na mimi niliona mikono yote, hadi ya mstari wa nyuma. Nilijivunia.

Mama mkwe, Veronika, hakujivunia. Yeye anaishi nyumba ndogo hapo hapo uani. Alisema tu, "Mtu akipewa fimbo, hutafuta mgongo." Lakini mama huyu hafurahii kitu. Mpaka leo ananiuliza kwa nini nilikwenda kuchoma macho aliyonipa Mungu.

Jumatatu, Machi 11
Mvua. Mpunga umefunikwa hadi shingoni.

Jumamosi, Machi 16
Wamemkamata mtu kutoka kijiji cha ng'ambo na kumchapa, kisha wakamwachia. Ambilikile amerudi mkono umevimba. Nimemkanda kwa maji ya moto. Alikula sana, alikuwa mchangamfu kama ametoka harusini.

"Aliiba kweli?" nikamuuliza.

"Alikiri."

"Kabla ya kupigwa au baada?"

Akanitazama. "Baada. Nani anakiri kabla?"

Ijumaa, Machi 22
Amesahau kunitilia matone. Nimejitilia mwenyewe, mengi yamemwagikia shavuni.

Jumatano, Machi 27
Nitaandika kama ilivyokuwa, mkono ukikataa nitapumzika.

Asubuhi mvua ilikatika. Niliweka cherehani barazani, barabara ikiwa mbele yangu. Gwamaka alikuja na pikipiki yake, gunia limefungwa nyuma. Gwamaka ni dereva bodaboda, mtoto wa mama Anyosisye wa kitongoji cha chini. Wiki iliyopita nilimtilia zipu kwenye koti. Alinipungia mkono akipita, na hapo hapo mbele ya nyumba yetu kikosi kikamsimamisha. Walikuwa wametoka lindoni, wamelowa, na wengine wamekunywa.

"Mzigo wa nani huo?" Ambilikile akauliza.

"Wa mzee Eliud, kaka. Nampelekea kwenye chama cha ushirika, kuna mnada wa kakao leo."

"Eliud yuko Mbeya."

"Amerudi jana. Mpigieni simu."

Hakuna aliyepiga simu. Mmoja alimzaba kofi, kofia ikaanguka. Mwingine akaipiga teke pikipiki ikalala. Gwamaka aliinama kuinyanyua, na nadhani kule kuinama ndiko kulikomponza, maana mgongo ulikuwa wazi. Zilianza fimbo. Kisha mawe ya barabarani. Alisema, "Kaka zangu, mnanijua." Alisema hivyo tena na tena. Baadaye aliacha kusema "mnanijua", ikabaki "kaka zangu" tu.

Mimi nilisimama. Nikaita, "Ambilikile." Akageuka. Alikuwa ameshika mpini wa jembe, na toka pale barazani niliona matone ya maji yakitiririka kwenye mpini hadi kwenye vidole vyake. Alinitazama machoni. Alijua kwamba namwona. Kisha akageuka akampiga Gwamaka kichwani, mara moja, kwa mikono miwili, kama anayepasua kuni.

Kelele zikaisha. Nilisikia maji mtaroni.

Mzee Eliud alifika kwa miguu, ana mwavuli. Alitazama chini, akatazama gunia. "Huo mzigo ni wangu," akasema. "Nimemtuma mimi."

Mtu mmoja alilifungua gunia kwenye pikipiki, akalisimamisha vizuri kando ya nguzo ya baraza letu ili lisilowe. Kisha wakaondoka, huyu huku, huyu kule.

Nilikwenda nikapiga magoti kwenye matope. Mama mkwe naye alikuja akavua khanga yake na kumfunika.

Ijumaa Kuu, Machi 29
Tumemzika Gwamaka kwenye mvua. Kaburi lilijaa maji, wakachota kwa ndoo kabla ya kumshusha. Mama Anyosisye alikaa sakafuni, na watu waliopita kumpa pole walikuwa wananong'ona kwamba mwanawe alikuwa mwizi. Nilimshika mkono nikasema "pole, mama", nikashindwa kuongeza neno.

Ambilikile alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Alhamisi, Aprili 4
Polisi wamekuja kutoka Kyela mjini. Wameuliza nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeona. Mzee Eliud alisema alikuta yameisha, na hilo ni kweli. Kwetu Ambilikile ndiye aliyejibu, akasema, "Mke wangu alikuwa jikoni." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nyuma yake.

Jumanne, Aprili 9
Mto umevunja kingo. Kuku wawili wamekwenda na maji. Ambilikile hali chakula, ananyoa ndevu kila asubuhi na kujikata.

Jumanne, Aprili 16, Mbeya
Naandika kwa jicho la kulia tu. Mistari inapanda na kushuka.

Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa sebuleni. Nilikuwa nimepanga maneno siku nyingi. Nilimwambia, "Mume wangu, nenda kituoni mwenyewe. Ukienda mwenyewe, nitakusindikiza, na chakula nitakuletea."

"Niende nikaseme nini?"

"Ulichofanya."

"Nimefanya nini? Nani ameona?"

"Mimi nimeona."

Alicheka kidogo. "Macho ya kuchomwa na mashine hayo. Yanaona duara kwenye taa."

"Ndiyo yaliyokuona."

Ngumi ya kwanza ilinipata mdomoni. Ya pili sikuiona ilikotokea, nikajikuta chini, kichwa kimegonga mguu wa meza. Alinipandia kifuani kwa goti. Alinishika kidevu, vile vile alivyozoea kunishika, na kwa mkono wa pili akanigandamiza kidole gumba kwenye jicho la kushoto. Ukucha wake ulikwaruza, ukasukuma. Alisema kwa sauti ya chini, bila haraka, "Nitakurudisha kwenye miwani." Nilihisi kitu kinateleza juu ya jicho langu, kama ngozi ya maziwa ukiigusa kwa kijiko. Maumivu yalikuja baadaye kidogo. Yalipokuja nilitapika.

Mama mkwe aliingia na mchi wa kinu. Alimpiga mwanawe mgongoni, akampiga tena begani. Ambilikile aliinuka akamsukuma, mama akagonga ukuta. Akasimama tena na mchi wake. Mama mkwe ni mfupi, anamfika mwanawe kifuani. Walitazamana. Kisha mume wangu akatoka nje, akaacha mlango wazi.

Jicho lilikuwa linamwaga machozi kama bomba. Nikilifungua, naona maziwa. Mama alikwenda kuchuma majani ya dawa, akayasaga, akataka kunikamulia.

"Hapana, mama. Msilitie kitu."

"Litapofuka, mkamwana wangu."

"Mkilitia majani ndiyo litapofuka. Naomba simu."

Nilipiga kule hospitali ya Dar. Muuguzi alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Utando umehama. Usilioshe jicho, usilifikiche, usiliwekee kitambaa kinachogandamiza. Funika kwa kitu kigumu kisichogusa jicho. Mwone daktari wa macho leo. Kesho ni kuchelewa."

Mama alikata kitako cha kikombe cha plastiki, akalainisha kingo kwa moto, akakifunga juu ya jicho langu kwa plasta. Vidole vyake vilikuwa vinanuka yale majani. Kisha akachukua mwavuli na khanga nyingine akasema twende.

Bodaboda ilitufikisha pale maji yalipokata barabara. Vijana walikuwa wamefunga kamba toka nguzo hadi nguzo. Tuliingia mtoni, maji kiunoni, mekundu, yana vigogo. Mama alinitangulia, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine amenishika mimi nywele, kwa sababu alisema mkono huponyoka, nywele haziponyoki. Katikati aliteleza. Nilimwona anazama hadi mdomoni, na hakuniachia. Ng'ambo tulipata gari la abiria, Noah ya Mbeya, dereva akatukataza kukaa mbele kwa matope yetu.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamama anaitwa Mwasiti, ana hijabu ya kijivu na sauti ya mtu anayechoka lakini hakasiriki. Aliniweka kidevu kwenye mashine yenye taa.

"Utando umetoka mahali pake," akasema. "Umejikunja kama kona ya shuka. Chini kuna uchafu, na ngozi ya juu imechubuka. Nani alikufanyia hivi?"

"Nitakuambia. Kwanza nisaidie."

Akampigia simu aliyenipasua Dar, wakaelewana. Alinitia matone ya ganzi. Nililala nikisikia kila kitu: maji ya dawa yakitiririka, kitu kinakwangua taratibu, pumzi yake juu ya uso wangu. Aliufunua utando wote, akasafisha chini, akakwangua kingo, akaurudisha na kuunyoosha kwa sponji ndogo yenye unyevu, kama mtu anayepiga pasi hariri. Juu akaweka lenzi laini, akasema ni bandeji ya jicho. Kisha dawa za kuzuia vijidudu, dawa za kutuliza uvimbe, na kikinga cha plastiki. Akapima na nyuma ya jicho, akasema nyuma ni salama.

"Sitakudanganya," akaniambia. "Jicho limechelewa saa kadhaa na limepita mtoni. Linaweza kupata vijidudu. Ngozi ya juu inaweza kuota chini ya utando, mahali isipotakiwa. Ndiyo maana nitakuona kesho, na keshokutwa, na wiki ijayo. Usikose."

Jumatano, Aprili 17
Alikuja askari wa kike wa dawati la jinsia na fomu yake. Mama mkwe alimjibu kabla yangu. "Aliteleza kwenye matope, akaangukia kisiki."

Askari akanitazama.

"Hapana," nikasema. "Mume wangu alinipiga, akaniingiza kidole jichoni. Alinipiga kwa sababu nilimwona akimuua Gwamaka."

Kisha nikaanza kueleza, na askari akaacha kujaza fomu akachukua karatasi nyingine. Mama alitoka nje. Nilipomaliza nilimkuta kwenye benchi la korido, miguu haifiki chini.

"Nimekuvusha mto," akasema, "ili unizikie mtoto?"

"Mama, mtoto aliyezikwa ni wa Anyosisye."

Alirudi kijijini kwetu Ndandalo jioni ile bila kuniaga.

Alhamisi, Aprili 25
Wamemkamata Ambilikile na wenzake. Nimepanga chumba Kyela mjini, kwa mama Tausi mwenye duka la vitambaa. Lenzi imetolewa. Naona vidole, lakini kwa ukungu.

Ijumaa, Mei 3
Waliobaki wa kikosi wamevunja mlango wangu Ndandalo. Vitambaa vya wateja wamevichana, cherehani wameitupa mtaroni. Wamesema wakinikuta watalimaliza jicho la pili. Ujumbe huo aliuleta mtu tuliyekuwa naye kwaya moja. Aliutoa kama anayeleta salamu, akaomba maji ya kunywa, nikampa.

Nimeketi na mgongo ukutani. Bati linapigwa na mvua, na kila kishindo nadhani ni jiwe.

Jumatatu, Mei 13
Jicho linawasha kama lina mchanga. Daktari Mwasiti ameona visiwa vyeupe chini ya utando, vinaelekea katikati. "Ndiyo ile niliyokuambia. Ngozi imeota ndani. Ikifika katikati, itayeyusha utando wenyewe." Ameufunua tena, amekwangua juu na chini, na mara hii ameushona kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Mimi, fundi, nimeshonwa jicho. Nyuzi zinachoma kila nikipepesa.

Dawa ya uvimbe nayo imepandisha presha ya jicho. Amenibadilishia nyingine, akanipa matone ya kuishusha. Sasa kuna chupa nyingi dirishani. Najitilia mwenyewe kwa kioo, sifumbi tena.

Jumatano, Mei 22
Nimeitwa kituoni. Kulikuwa na wakili wa familia ya mume wangu, kijana wa suti. Alimwambia mpelelezi, mimi nikisikia, kwamba shahidi ni mwanamke aliyechomwa macho, anaona duara na ukungu, na hata sasa amefungwa jicho.

Mpelelezi alikuwa ameshampigia daktari Mwasiti. Akamsomea alichoambiwa: kwamba mwezi wa pili, huko Dar, macho yangu yalipimwa yakaonekana yanasoma hadi mstari wa mwisho, kwamba duara za taa ni za gizani, na kwamba jicho hili liliharibiwa baada ya kifo cha Gwamaka, kwa kidole cha mtu.

Wakili alifunga mkoba. Kesi itakuwa ndefu, mpelelezi ameniambia. Miaka, labda.

Jumapili, Mei 26
Mvua zimepungua. Nimelala mchana kutwa.

Jumamosi, Juni 8
Nyuzi zimetolewa. Utando umetulia, visiwa havijarudi. Jicho la kushoto litasoma mistari ya juu tu, na kovu moja litabaki. Daktari anasema baada ya miezi kadhaa tutapima miwani. Nilicheka, naye akacheka bila kujua nacheka nini.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama mkwe kwenye ngazi ya duka. Nilisita. Kisha nikapiga goti, nikamsalimu kwa Kinyakyusa. "Mugonile, mama."

"Ndaga," akaitikia.

Kando yake kulikuwa na cherehani yangu, imetiwa mafuta, na kiroba cha mchele mpya. Alikuwa ameleta vyote kwa bodaboda.

"Sikuja kwa maneno," akasema. "Mpunga wako ulikuwa unaanguka, nikauvuna. Nilikwenda kumwona kule mahabusu. Amekonda."

Nilizungusha gurudumu la cherehani, likaenda bila kukwama.

"Polisi wameniita na mimi. Wakaniuliza kama niliona."

"Mmesemaje, mama?"

"Nikasema nilimpiga mwanangu kwa mchi. Wakaniuliza kwa nini. Nikawaambia kwa nini." Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la khanga. "Wakaniuliza na habari ya barabarani. Nikawaambia hiyo pia. Nilikuwa dirishani, Tusajigwe. Muda wote nilikuwa dirishani."

Nilimkaribisha ndani. Alikataa, kisha akaingia. Alikula kidogo. Alipolia hakujifuta, na mimi sikumwambia anyamaze. Alilia kwa ajili ya mwanawe na ilikuwa haki yake.

Jumapili, Juni 16
Leo nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya Ijumaa Kuu.

Nimekwenda kwa mama Anyosisye. Sikupita njia ya kwetu, nilizunguka mashambani, watu wanavuna, wengine wakainuka kunitazama, mmoja akatema mate. Nilimkuta anaanika mpunga uani. Alinipa kigoda akabaki amesimama.

"Mama, mwanenu hakuwa mwizi," nikamwambia. "Mzigo alitumwa na mzee Eliud. Alisema hivyo, hawakumsikiliza. Nilikuwepo."

"Hilo nimelisikia kituoni," akasema. "Sema nisilolisikia."

Nikamweleza yote, tangu alivyonipungia mkono. Hakunikatiza. Mikono yake iliendelea kutandaza mpunga, ikitandaza pale pale palipokwisha kutandazwa.

"Nani alimpiga la mwisho?"

"Mume wangu." Niliyasema hayo nikitazama mkeka.

Kuku wakaanza kula mpunga, na hakuwafukuza. Kisha akaja mbele yangu, akachuchumaa, akaniinua uso. Alilitazama jicho la kushoto kwa muda, lile kovu na wekundu wake.

"Linaniona hili?"

"Linawaona, mama. Kwa ukungu."

"Basi niangalie," akasema. "Niangalie kwa yote mawili, uniambie tena."

Nikamwangalia. Nikamwambia tena.